Gapi mwenye mimba na baridi ya Eldoret

Nunua gapi jike mmoja, umpeleke nyumbani, usimtie dume hata mmoja kwenye tangi, na bado wiki chache baadaye waweza kukuta vifaranga wamejificha kwenye majani. Mwezi unaofuata, wengine tena. Hakuna uchawi hapo. Jike wa gapi akishapandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, akawa anazitumia kidogo kidogo kutunga mimba moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa madukani majike na madume huwekwa pamoja, karibu kila jike mpevu utakayeuziwa tayari ana mimba.

Kwa hivyo mfugaji wa Eldoret asihangaike kuuliza gapi wanazalishwa vipi. Aulize jinsi ya kumtunza mama asimfie, katika jiji lililo mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai hata binadamu hulala kajikunyata.

Gapi ni samaki wa joto. Kwao ni vijito vya Trinidad, Venezuela na nchi jirani, na jina lake limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao Uingereza kutoka Trinidad katika karne ya 19. Anastawi maji yakiwa nyuzijoto 24 hadi 26, na hapo mimba huchukua takriban wiki 4. Maji yakipoa, mimba hurefuka, jike hupoteza hamu ya kula na maradhi hupata mwanya. Tangi lililo sebuleni Kapsoya au Langas bila hita litakuwa limepoa vibaya kufikia alfajiri, hata kama mchana jua lilikuwa kali.

Wauzaji husema wati 1 ya hita yatosha lita 1 ya maji. Ushauri huo unafaa nyumba zenye joto; huku kwetu pita hapo kidogo, na uwe na kipimajoto badala ya kukisia kwa kidole. Epuka pia tangi dogo, maana hupoa upesi. Stima ikipotea usiku, zungushia tangi blanketi na uwaache samaki bila chakula hadi irudi. Usiwamwagie maji ya birika. Badiliko la ghafla huua upesi kuliko baridi yenyewe.

Maji ya mfereji yana klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, kisha yapashe yalingane na ya tangini kabla ya kubadilisha robo kila wiki. Anayefuga moli azingatie jambo jingine: samaki hao hupenda maji yenye chokaa, na maji ya milimani mara nyingi ni laini. Jamaa akienda Mombasa, akuletee makombe ya baharini. Yaoshe vizuri uyatie kwenye chujio.

Mimba ya gapi si kama ya ng'ombe. Mayai hurutubishwa tumboni, kila kijusi hula kiini cha yai lake, na vifaranga huzaliwa wakiwa tayari wanaogelea. Doa jeusi lililo karibu na tundu la haja la jike huzidi kuiva siku zinavyosonga. Tumbo likianza kuwa na pembe kama sanduku, na jike akawa anajitenga na kukataa chakula, siku imefika.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kibanda cha plastiki cha kuzalishia. Mimi sikipendi. Kumkimbiza jike mwenye mimba pevu kwa wavu, halafu kumfungia mahali asipoweza kugeuka, ni kumtesa, na wapo wanaotoa mimba au kufa kwa sababu hiyo. Mjazie tangi majani ya maji, yanayoelea na yaliyozama, umwache alipo. Mtesi wake mkubwa ni dume, ambaye humfuata kutwa kucha bila kujali ana mimba au la. Weka dume mmoja kwa majike watatu, au mwondoe kabisa; mbegu zake, tumeona, zimeshabaki.

Majani hayo pia ndiyo maficho ya watoto. Jike wa ngege hubeba mayai na vifaranga wake kinywani, ila mama gapi humwona mwanawe kama chakula. Mlishe vizuri kabla na baada ya kuzaa, naye atawabakiza wengi. Vifaranga wape chakula kilichosagwa laini, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Kiini cha yai la kuchemsha kinafaa pia, ila punje ikizidi maji yanachafuka. Wakifika wiki 3 au 4 watenge madume na majike, la sivyo ndugu watazaana.

Halafu hesabu. Jike mmoja huzaa vifaranga 20, 30, pengine zaidi, kila mwezi. Tangi hufurika kabla ya miezi sita, na ndipo mtu huona Mto Sosiani uko karibu. Maji ya Sosiani huingia Kipkaren, yakafika Nzoia, yakamwagika Ziwa Victoria. Yale ya chini ya milima yana joto analolipenda gapi, na tayari kuna gapi waliotiwa Ziwa Naivasha, ambako samaki mdogo wa asili alishatoweka baada ya wageni kuletwa. Utafiti wa Trinidad uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba majike wengi, kila mmoja akiachiliwa peke yake na mimba yake, waliweza kuanzisha ukoo mzima.

Waliozidi wagawie majirani, warudishe dukani, au wape shule iliyo na tangi. Mtoni usiwapeleke.