Je, Wajua? Maziwa mazito kwa mtoto anayecheua

Mtoto mchanga hucheua kwa sababu msuli unaobana mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakomaa, na wengi huacha wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto wa maziwa ya kopo akizidisha, madaktari kwanza hupunguza kiasi cha kila mlo na kuongeza idadi ya milo. Likishindikana hilo, ndipo hujaribiwa maziwa yaliyotiwa wanga wa mchele, wa mahindi, au unga wa mbegu za karobu. Baadhi yake huwa mepesi kwenye chupa, yakawa mazito yanapokutana na asidi tumboni. Kinachopungua hasa ni yale yanayomwagika begani kwa mama. Asidi bado yaweza kupanda kooni.

Maziwa ya mama ndiyo hayakubali mchezo huu. Koroga nafaka ndani yake, na baada ya muda mfupi yanarudi kuwa majimaji, kwa kuwa yana amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Kumwachisha mtoto ziwa eti kwa sababu anacheua ni kumwonea.

Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, ni habari nyingine kabisa: mwaka 2011 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya wasipewe bidhaa moja ya kufanya maziwa yawe mazito, iliyotengenezwa kwa gundi ya zanthani, baada ya wengine kuugua utumbo na kufa. Na mtoto yeyote akitapika kijani au damu, au akiacha kuongezeka uzito, apelekwe hospitali.