Kumjua Mungu si kujua habari zake



Katika toleo hili tunataka kuzungumza na vikundi vya kujisaidia vya Kitui, na vya jirani zetu wa Makueni walio katika jimbo la Wote lililoanzishwa mwaka 2023. Swali letu ni moja: kumjua Mungu maana yake nini? Mtu atasema, hiyo si kazi ya padri na katekista? Hata sisi wa maendeleo tulidhani hivyo, mpaka kikundi kimoja kilipotufundisha.

Daftari safi

Kikundi hicho, jina tunaliacha, kilijenga bwawa la mchanga kwa njia ya mwethya, yaani kazi ya pamoja tuliyorithi kwa wazee wetu. Wengi mnalijua bwawa la namna hii. Ukuta unakatisha mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, na mchanga unayaficha maji chini ambako jua haliyakaushi upesi. Akina mama walibeba mawe, akina baba wakachimba msingi. Kila mkutano ulifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala.

Sheria yao ilikuwa hii: anayekosa siku ya kazi analipa faini shilingi 200. Asiyelipa anafutwa, na aliyefutwa hateki maji.

Tulipokwenda kukagua, tuliona jina la mama mmoja mjane limepigwa mstari mwekundu. Hatukuuliza. Tulisifu daftari kwa usafi wake, tukaenda zetu. Safari ya pili tukafanya hivyo hivyo.

Safari ya tatu tulikuwa na semina. Tukauliza, "Nani hapa anamjua Mungu?" Mikono yote ikapanda. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Na nani anajua yule mama anateka maji wapi siku hizi?"

Kimya. Hakuna aliyejua. Na sisi pia hatukujua.

Baadaye tuliambiwa kwamba siku tatu alizokosa, mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali. Deni lilikuwa shilingi 600 tu. Tangu hapo alikuwa akiamka usiku kwenda mto mwingine wa mbali, kuchimba shimo mchangani na kungoja maji yajikusanye.

Nabii Yeremia anasemaje?

Jioni hiyo tulisoma pamoja Yeremia sura ya 22, mstari wa 13 hadi 17. Mfalme Yehoyakimu alijijengea jumba kubwa, akalipamba kwa mbao za mwerezi na rangi nyekundu, lakini waliomfanyia kazi hakuwalipa. Nabii anamkumbusha baba yake, mfalme Yosia. Yosia naye alikula na kunywa kama watu wengine, lakini alisimamia haki ya maskini na mhitaji. Halafu Mungu anauliza kwa kinywa cha nabii: je, huko siko kunijua mimi?

Tuangalie vizuri. Hekalu lilikuwa pale pale Yerusalemu, na sadaka zilitolewa. Habari za Mungu mfalme alizisikia sana. Lakini kumjua hakumjua.

Hata sisi twajua tofauti hii. Rais tunamjua kwa redio na kwa picha iliyo ukutani, lakini yeye hatujui. Jirani ni mwingine. Unajua kikohozi chake, unajua siku unga ulipomwishia. Kwa Kikamba tunasema kumanya, na ukimjua mtu hivyo, shida yake haiwezi kukupita kama habari ya redio.

Basi sala haina kazi?

La, hasha! Mungu ndiye aliyetangulia kutujua sisi. Katika Yesu Kristo alikuja kuishi nasi, akachoka, akaona kiu. Tunakutana naye katika Neno, katika sala na katika Ekaristi. Lakini Yohane, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatuonya kwamba asiye na upendo hajamjua Mungu. Na Mathayo sura ya 25 inatuambia kwamba mwenye kiu tuliyemnyima maji ni Bwana mwenyewe.

Mafundi wa mabwawa wanajua: ukuta usiofika kwenye mwamba, ukiutazama ni bwawa kamili, lakini maji yanapita chini. Sala ya mtu asiyemjali mwenzake iko hivyo.

Ndiyo maana mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikazia jumuiya ndogondogo za Kikristo: majirani wachache wanaosoma Neno pamoja na kujuliana hali.

Kikundi kilifanya nini?

Katibu alipinga. "Tukiondoa faini, nani atabeba mawe?" Neno lake lilikuwa na ukweli, maana wavivu wapo. Walibishana mpaka jua likatua. Mwishowe faini ilibaki, lakini sasa kabla ya kumtoza mtu, wanachama wawili wanakwenda nyumbani kwake kumwona. Mama yule alifutiwa deni, akarudishwa. Si wote waliofurahi. Naye alipokuja mkutanoni hakushukuru, alikaa tu. Hatukuona sababu ya kumdai shukrani kwa maji ambayo alikuwa ameyabebea mawe.

Sisi nasi tumejirekebisha. Siku hizi tukifungua daftari la kikundi, kwanza tunauliza habari za majina yaliyofutwa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika daftari letu ni nani amefutwa? Tunajua sababu yake?
2. Ni sheria gani yetu inamwumiza asiye na uwezo kuliko mvivu?
3. Wiki hii tutamtembelea nani, na nani ataenda?

Mungu awabariki, na mvua za vuli ziwakute ukuta umefika kwenye mwamba.