Silabi na Mkazo katika Maneno Ambatani: Kiholanzi na Kiswahili

Tumekwisha kuona kuwa silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hizi tumezizoea mno hata hatuzitambui. Kwa hiyo na tuzipime kwa lugha isiyozifuata. Tuchukue Kiholanzi, kisemwacho Uholanzi na kaskazini mwa Ubelgiji.

Lugha hiyo huambatanisha nomino kwa wepesi mkubwa. Voet (mguu) na bal (mpira) huzaa voetbal; tukiongeza veld (uwanja) tunapata voetbalveld. Mkazo mkuu husalia kwenye sehemu ya kwanza: VOETbal, VOETbalveld. Neno hurefuka, mkazo hausogei. Mengine huasi, kama stadHUIS, jengo la halmashauri ya mji, lakini huo si mwendo wa kawaida.

Kwenye silabi ndipo penye ugumu. Tuinaarde, yaani udongo wa bustani, limeundwa kwa tuin (bustani) na aarde (udongo). Katika neno sahili la Kiholanzi, konsonanti moja iliyo kati ya irabu huanza silabi inayofuata. Basi mgeni angekata tui-naar-de. Mwenyeji hukata tuin-aar-de, kwani mpaka wa maneno huitangulia kanuni hiyo. Asiyejua maana hajui pa kukatia. Valkuil ni val-kuil, shimo la mtego. Tukilikata valk-uil tumepata kozi na bundi, ndege wawili wasiohusika kamwe! Wala mkazo hautuokoi, maana kotekote ungekuwa mwanzoni.

Kwetu mambo ni kinyume. Mwana, likisimama peke yake, lina mkazo kwenye mwa. Katika mwa-na-she-RI-a limeupoteza. Vivyo hivyo ba-ta-m-ZI-nga. Sehemu ya kwanza huishia kwa irabu, hivyo mpaka haugombani na silabi: m ya mzinga ilikuwa silabi, na imebaki silabi. Bali askari kanzu, kwa kuwa huandikwa maneno mawili, husomwa asKAri KAnzu.

Basi mwanafunzi Mholanzi akitamka MWAnasheria, hajazembea. Ameleta kanuni ya kwao. Kumrudishia tamko sahihi mara kumi hakutoshi. Tumfundishe kwanza kuhesabu silabi kutoka mwisho, kisha tumpe bata na batamzinga, asikie mkazo ukihama kutoka ba hadi zi.