Kabla ya Kununua Turbo, Kagua Mipira

Mlima Kitonga hauna huruma kwa gari lenye turbo linalovuja. Dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho lakini gari halivuti. Moshi mweusi unatanda nyuma, na chini ya boneti unasikika mlio wa hewa inayochoropoka, mlio unaokoma mara tu anapoachia pedali. Akifika Iringa anaambiwa turbo imekufa. Mwenye fedha anaagiza nyingine. Asiye nazo analiegesha gari. Nasema bila kusita: dalili zikiwa hizi, vitu vya kwanza kushikwa ni mipira ya intakula na klipu zake.

Turbo hugandamiza hewa ili injini ipate oksijeni nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Hewa iliyogandamizwa hupata joto ambalo laweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na intakula huipoza kabla haijaingia kwenye silinda, kwa kuwa hewa baridi imeshikana zaidi. Njiani paipu huungwa kwa mipira mifupi, na taabu iko kwenye mipira hiyo. Katika Subaru za turbo, na katika Prado na Hilux nyingi za dizeli, intakula imelazwa juu ya injini, hivyo mpira unaokwa kutoka chini mwaka hadi mwaka. Kwenye malori imesimama mbele, karibu na rejeta. Huko injini inatikisika huku intakula imetulia, na mpira ndio unaobeba tofauti hiyo.

Presha yenyewe huonekana ndogo. Baa 1 ni karibu nusu ya upepo wa tairi la gari dogo. Lakini kwenye paipu ya upana wa milimita 63, baa hiyo moja husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 30, kila dereva anapokanyaga mafuta. Klipu iliyolegea haiwezi kushindana na msukumo huo, hasa kwenye kona ya paipu.

Kinachowapoteza mafundi wengi ni mashine ya kusomea gari. Inaonyesha P0299, fundi anaona neno turbo, na hukumu inatolewa hapo hapo. Ilhali namba hiyo inasema tu kwamba presha iliyofika ni ndogo kuliko iliyotarajiwa. Haisemi imepotelea wapi. Katika Subaru, kipima hewa kipo kabla ya turbo. Hewa ikishapimwa kisha ikatorokea kwenye ufa, kompyuta bado inamwaga petroli ya kuitosha hewa ambayo haipo tena. Ndiyo sababu ya harufu ya petroli na moshi mweusi.

Kuliacha tatizo hilo ni hatari. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya sita, na turbo tayari inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Ukiongeza uvujaji, inazidi kukimbizwa ili kufidia, na hapo mpira wa bei ndogo unaweza kuua turbo iliyokuwa nzima.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, chomoa mpira wa eya klina, ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ingiza upepo taratibu bila kuzidi baa 1, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Usisimame mbele ya kizibo; kikifyatuka kinaumiza.

Wakati wa kubadilisha, tafadhali usikate kipande cha mpira wa rejeta. Umetengenezwa kwa ajili ya maji, na ndani ya paipu za turbo hupita mvuke wa oili, ambao huuvimbisha na kuulainisha. Kuzungushia tyubu ya baiskeli kunaweza kukufikisha nyumbani, basi. Mpira wa silikoni unastahimili joto vizuri, ila ule wa kawaida huacha oili ijipenyeze, kwa hiyo tafuta wenye utando wa ndani wa kuzuia oili. Rangi yake haina maana yoyote.

Kwenye klipu ndiko watu wanakobana matumizi, na sikubaliani nao kabisa. Klipu ya kawaida ya bisibisi, yenye mkanda uliotobolewa, huula mpira laini wa silikoni kupitia matundu yake. Afadhali yenye mkanda laini ndani, au ile ya bolti, ambayo hubana sawasawa pande zote, lakini ukiikaza kwa hasira itabonyeza paipu ya alumini. Ya springi nayo isidharauliwe, kwani huendelea kubana mpira unapotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi.

Futa oili yote ndani ya mpira na juu ya paipu, kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, ukauke kabisa. Usipake grisi ili uingie kirahisi, maana utatoka kirahisi vilevile. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena injini ikiwa baridi, kisha rudia jaribio la sabuni. Povu likitokea, usizidi kukaza. Fungua uangalie: mara nyingi klipu imekalia juu ya tuta la mwisho wa paipu, badala ya kukaa nyuma yake.