Rekodi za Endemol, Kampuni Iliyouza Jumba Moja Dunia Nzima

Mwaka 1994 Waholanzi wawili waliokuwa wakigombea soko moja la vipindi vya televisheni, Joop van den Ende na John de Mol, waliamua kuunganisha kampuni zao. Wakaunganisha na majina yao pia, ikazaliwa Endemol. Miaka miwili baadaye hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Amsterdam, na mwaka 2000 Telefónica, kampuni ya simu ya Hispania, ikakubali kuinunua kwa hisa zenye thamani ya euro bilioni 5.5. Hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote ambazo Endemol iliwahi kupewa. Haikupanda tena hapo. Kinachonishangaza zaidi ya bei yenyewe ni kwamba utajiri wa kampuni hii haukuwa minara wala mitambo. Mali yake kubwa ilikuwa mawazo ya vipindi, na haki ya kuyauza mawazo hayo nchi moja baada ya nyingine.

Jumba lililozaa mengi

Wazo lililoipandisha lilianza kuzungumzwa mwaka 1997, De Mol na wenzake walipokuwa wakijadili jaribio la kisayansi la Biosphere 2 huko Arizona, ambako watu walifungiwa ndani ya jengo la vioo kwa miaka miwili. Tarehe 16 Septemba 1999 kituo cha Veronica kikarusha kipindi cha kwanza cha Big Brother kutoka nyumba iliyojengwa Almere, karibu na Amsterdam. Washiriki walikaa chini ya kamera kwa siku 106, na aliyebaki wa mwisho akaondoka na gulden 250,000. Mwaka uliofuata Wajerumani, Wahispania, Waingereza na Wamarekani wote walikuwa na majumba yao.

Rekodi ya kukaa muda mrefu waliiweka Wajerumani. Msimu wao wa tano ulifunguliwa Machi 2004 na kufungwa Machi 2005, mwaka mzima kamili, kwa zawadi ya euro milioni moja. Kwangu hiyo ni rekodi ya kusikitisha. Mwaka mzima wa maisha ya mtu, sikukuu zake zote na misiba ya jamaa zake, unapita mbele ya kamera ili vituo vipate cha kurusha jioni.

Rekodi ya kura inashikiliwa na Brazil, na hii naipenda. Machi 2020, watu wakiwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona, kura za kumtoa mshiriki mmoja wa Big Brother Brasil zilifika zaidi ya bilioni 1.5. Nchi yenyewe ilikuwa na watu wapatao milioni 210, kwa hiyo walikuwapo waliopiga kura tena na tena usiku kucha. Guinness waliiandika kuwa idadi kubwa kuliko zote kupigwa katika kipindi cha televisheni.

Kesi ya kukumbukwa kuliko zote

Kabla ya Big Brother kulikuwa na kisiwa. Mwingereza Charlie Parsons alibuni mashindano ya watu kutupwa porini na kupigiana kura za kutoana, na Wasweden wakawa wa kwanza kuyarusha, mwaka 1997, kwa jina la Expedition Robinson. Marekani wakayaita Survivor, na fainali yao ya kwanza, Agosti 2000, ikatazamwa na watu milioni 51.7. Kampuni ya Parsons, Castaway, iliishitaki Endemol kwamba Big Brother ni Survivor iliyoingizwa ndani ya nyumba.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Uholanzi, ambayo mwaka 2004 ilitoa hukumu ambayo watu wa fani wanapaswa kuijua kwa moyo. Mahakama ilikubali kwamba muundo wa kipindi, ukiwa mkusanyiko wa vipengele vilivyopangwa kwa namna ya pekee, unaweza kulindwa na sheria ya hakimiliki. Lakini Castaway ilishindwa, kwa kuwa Big Brother haikuonekana kuwa nakala ya mkusanyiko ule.

Hapo ndipo unapoelewa biashara hii inavyoendeshwa. Wazo tupu la kufungia watu ndani ya nyumba halina mwenyewe. Kituo kinacholipia leseni kinapewa kitabu kinene cha maelekezo, ambacho wenyewe hukiita biblia: kamera zikae wapi, mchujo ufanyike siku gani, muziki uingie lini, makosa gani yalifanywa na waliotangulia. Kinapewa pia mtaalamu wa kampuni anayekuja kusimama nyuma ya mkurugenzi. Anayenunua ananunua uzoefu wa wengine. Watayarishaji wetu wa Afrika Mashariki, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wanunuzi, wangeanza kwa kuandika vitabu vyao wenyewe vya namna hiyo. Vichekesho vyetu na mashindano yetu ya ushairi na vipaji havikosi mvuto. Vinakosa maandishi yanayomwezesha mgeni kuvirudia bila kubahatisha.

Survivor yenyewe ilifika kwetu. Mwaka 2001 msimu wa tatu wa Marekani ulirekodiwa katika hifadhi ya Shaba, kaunti ya leo ya Isiolo nchini Kenya. Mshindi, Ethan Zohn, aliyewahi kucheza soka Zimbabwe, alipata dola milioni moja na kutumia sehemu yake kusaidia kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia mpira kuwafundisha vijana kujikinga na ukimwi. Katika fedha zote zilizowahi kutolewa na vipindi hivi, sijui nyingine zilizozaa faida kubwa kuliko hiyo.

Anguko, kisha mtoto kumrithi mzazi

Mwaka 2007 Telefónica iliuza asilimia 75 ya Endemol kwa euro bilioni 2.6, na De Mol alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Walinunua kwa mikopo mikubwa, mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka, na madeni yakaielemea kampuni hadi wadai wakaichukua. Mwaka 2014 iliunganishwa na Shine, kampuni nyingine ya vipindi vya televisheni, ikapata MasterChef. Hicho nacho kina rekodi ya Guinness ya mwaka 2017, ya kipindi cha mapishi kilichofanikiwa kuliko vyote duniani. Ukubwa wake ulionekana Australia mwezi Julai 2010: mdahalo wa uchaguzi kati ya Julia Gillard na Tony Abbott ulisogezwa mapema ili usigongane na fainali ya wapishi.

Zamu kubwa kuliko zote ilikuja Julai 2020. Banijay ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Stéphane Courbit, iliinunua Endemol Shine kwa takribani dola bilioni 2.2. Courbit huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Endemol Ufaransa kabla ya kwenda kuanzisha ya kwake. Baada ya ununuzi kundi lake lilikuwa na kampuni zipatazo 120 katika nchi 22 na akiba ya saa 88,000 hivi za vipindi, likawa kampuni huru ya utayarishaji iliyo kubwa kuliko zote kimataifa. Na kwa kuwa Banijay ilikuwa tayari imeinunua Castaway, Survivor na Big Brother, mahasimu wa mahakamani, sasa wanalala chini ya paa moja.

Mjengoni Johannesburg

Big Brother Africa ilifunguliwa Mei 2003 ikiwa na washiriki kutoka nchi 12. Bunge la Malawi lilipiga marufuku kuonyeshwa kwake kwenye televisheni ya taifa, Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo. Cherise Makubale wa Zambia alishinda dola 100,000, na Mtanzania Mwisho Mwampamba akawa wa pili.

Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akaleta ushindi wa kwanza Tanzania. Mwaka 2014 moto uliteketeza jumba kabla ya msimu kuanza, likatafutwa jingine haraka, na Desemba Idris Sultan akatoka na dola 300,000, mara tatu ya zawadi ya Richard. Kenya na Uganda hazikuwahi kutwaa taji hilo hata mara moja. Nigeria ililitwaa mara tatu mfululizo, mwaka 2009, 2010 na 2011. Msimu wa Idris ndio uliokuwa wa mwisho kwa jumba la bara zima, na ni Nigeria iliyofungua tena la kwake, mwaka 2017, ikalifanya kuwa kipindi kikubwa cha kila mwaka.