Maziwa Mazito ya Aislandi na Matunda ya Kwetu

Mbali sana kaskazini, katika kisiwa cha Aislandi, kuna chakula cha maziwa kiitwacho skyr. Wenyeji wamekila kwa karne nyingi, na siku hizi huuzwa hata katika maduka ya Ulaya na Marekani, ndani ya vikopo vidogo, pamoja na matunda na sukari. Akionjaye mara ya kwanza hushangaa, kwani ni kizito hata chasimama kijikoni bila kumwagika. Kwanza husikia utamu wa tunda. Kumbe nyuma yake uko uchachu, ule ule aujuao kila mtoto aliyekunywa mtindi.

Nao hakika ni ndugu wa mtindi. Wanyarwanda wana kivuguto, Wakalenjin wa Kenya wana mursik. Watu wa Aislandi wao huondoa malai, huchemsha maziwa, huyaacha yapoe hata yawe vuguvugu, kisha hutia kidogo cha skyr ya zamani. Yakiisha kuganda huchujwa kwa kitambaa. Lita 3 au 4 za maziwa hutoa kilo 1 tu! Ndiyo sababu gramu 100 za skyr tupu zina protini gramu 11 hivi, na mtindi wa kawaida gramu 4 tu. Ile ya matunda hupungukiwa kidogo, kwani sukari nayo yataka nafasi.

Sasa, sisi wa Kabambare yatuhusu nini? Nchi yetu ni ya mbung'o, wala ng'ombe hawasitawi kama milimani Kivu. Maziwa twayapata zaidi katika unga. Na mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa ugali wa muhogo karibu mtupu, twajua yampatayo: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi. Huyo apelekwe upesi kituo cha afya. Lakini ndugu zake ambao bado ni wazima wafaidi mapema, kwa mtindi, maharagwe, karanga na samaki.

Koroga unga wa maziwa katika maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu, kiasi cha kidole kuvumilia. Tia kijiko cha mtindi usio na sukari, funika, viringisha sufuria katika blanketi hata asubuhi. Hata mtu mzima ambaye maziwa matamu humsumbua tumbo, mara nyingi haya huyavumilia, kwa kuwa vijidudu vya mtindi vimekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Je, tuchuje kama watu wa Aislandi? Mimi nasema hapana. Unga ni ghali, na maji yale yachuruzikayo nayo yana chakula ndani yake.

Matunda yatiwe wakati wa kula. Ndizi mbivu na embe hazina neno. Nanasi bichi na papai bichi, lakini, maji yake hukata protini ya maziwa, na mtindi ukikaa nayo huwa mchungu. Yachemshe kwanza kidogo, uyapoze, ndipo uchanganye.