Kionjo cha filamu ya kutisha: mwili hushtuka kabla ya akili kujua

Kionjo cha filamu, ambacho watazamaji wengi hukiita trela, ni kipande cha dakika mbili hivi kinachokusudiwa kumvuta mtu aitazame filamu nzima, na kwa filamu za kutisha kazi hiyo ni ngumu kuliko kwa za mapenzi au vichekesho, kwa sababu hofu huhitaji muda wa kukomaa na muda wenyewe haupo. Mtengenezaji hulazimika kukopa: hutumia hofu ambayo mtazamaji tayari anayo, sehemu moja ikiwa ya maumbile na nyingine ikiwa ya malezi. Katika mabanda ya video ya Maili Moja mjini Kibaha, yale yaitwayo vibanda umiza, kama ilivyo katika simu za vijana wa Kisarawe, sehemu hizo mbili hufanya kazi pamoja ingawa chanzo chake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni mshtuko. Sauti kubwa ya ghafla husafiri kutoka sikioni hadi shina la ubongo, yaani sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, na kutoka hapo amri huifikia misuli kabla ubongo wa kufikiri haujatambua kilichotokea; kope hufumba ndani ya milisekunde 50 hivi, ambazo ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Papo hapo amigdala, kiini kidogo ndani ya ubongo kinachopima hatari, huchochea mwili kumwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na viganja vikalowa jasho. Lakini kishindo peke yake hakitoshi. Mwaka 1951 mtafiti wa Marekani Judson Brown na wenzake walionyesha kwamba panya aliyekwisha kuogopeshwa hushtuka kwa nguvu zaidi kuliko panya aliyetulia, ingawa sauti ni ileile, na jambo hilo huonekana kwa binadamu pia.

Mpangilio wa kionjo hufuata kanuni hiyo karibu hatua kwa hatua. Huanza na utulivu, kwa mfano familia inayohamia nyumba mpya. Kisha huingia jambo moja lisilo la kawaida, kama mlango unaofunguka wenyewe. Baada ya hapo vipande vya picha hufupishwa na muziki hupanda, hadi ghafla kila kitu kinanyamaza. Ukimya huo ndio kiini cha taharuki, yaani hali ya kungoja kwa wasiwasi jambo ambalo mtu anajua litakuja bila kujua lini. Halafu hujitokeza jina la filamu, na bandani watu huanza kushusha pumzi na kutaniana, na hapo ndipo kishindo cha mwisho kinapowakuta. Hila hii imetumika mno hata watazamaji wazoefu huisubiri, na bado huruka kwenye mabenchi, kwa kuwa shina la ubongo halisomi kanuni za sanaa.

Sauti zenyewe huchaguliwa kwa makini. Daniel Blumstein, mwanabiolojia wa Marekani aliyezoea kuchunguza milio ya wanyama wanapotahadharishana, mwaka 2010 alichapisha na wenzake uchambuzi wa sauti za filamu zaidi ya 100, wakaona kwamba watengenezaji huiga mikwaruzo inayosikika mnyama anapopiga kelele kwa hofu. Miaka mitano baadaye watafiti wengine walieleza kwamba nguvu ya yowe la binadamu hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba mtetemo huo huiamsha amigdala. Fidla za Bernard Herrmann katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960 zilifanya hivyo muda mrefu kabla ya vipimo hivyo. Na anayeishi kando ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, akasikia komba analia usiku kama mtoto mchanga, hahitaji maabara. Spika ndogo ya simu hupoteza ngurumo nzito ambazo sabufa ya bandani huzitoa hadi kifuani, lakini mikwaruzo hiyo haipotei.

Sehemu ya pili ni kaida za utanzu, yaani ishara ambazo filamu za aina moja huzirudia hadi mtazamaji akazisoma bila kuelezwa. Mussa Banzi, aliyeongoza filamu za Nsyuka na Shumileta, alichanganya mbinu za kigeni na majini na mizuka inayosimuliwa nchini Tanzania, na ukopaji huo ulikuwa wa busara: kwa mtazamaji wa Pwani, bundi juu ya paa au mwanamke mrembo ambaye kamera inateremka taratibu kuelekea miguuni pake hutosha, kwani kila mtu anaogopa kuona kwato za jini. Mwanasesere aliye katika dari ya nyumba ya Marekani humshtua mtazamaji huyo kwa kishindo, ila humpa taharuki kidogo.

Kuhusu afya, utafiti wa Leiden, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha vijana 24, na ulionyesha kwamba filamu ya kutisha hupandisha protini namba VIII ya kugandisha damu, ingawa haikuonekana damu kuganda kweli. Na hiyo ilikuwa filamu nzima, si kionjo. Kwa mtu mzima mwenye afya, msisimko hupita na mara nyingi hugeuka kuwa furaha ya kusalimika.

Kwa mtoto hali ni nyingine. Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri, lakini kionjo hufika katika simu ya mzazi kikiwa hakina mlinzi. Joanne Cantor, aliyetafiti hofu za watoto huko Wisconsin, alieleza kwamba mtoto mdogo huogopa sura inavyoonekana, wakati mkubwa kidogo huogopa linaloweza kutokea; kwa hiyo kumweleza mtoto wa miaka minne kwamba jini yule ni mtu aliyepakwa rangi humsaidia kidogo, ilhali kuzima simu na kumpakata humsaidia zaidi.